Mihula minne bila nafasi jukwaani: je, nirudi chuoni Agosti?

*Swali, ambalo nimelifupisha:* Salamu Mwalimu. Natoka Khayega, Kakamega. Nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya tamthilia ya muziki katika chuo kimoja Marekani. Sekondari nilikuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya, tukafika kitaifa mara mbili. Huku nimefanya usaili mara saba kwa mihula minne, nikapata nafasi moja tu, ya kuimba nyuma ya pazia. Msichana ninayeishi naye chumba kimoja amekuwa mhusika mkuu mara mbili. Nauli yangu ilichangwa kwa harambee, na kanisani wananiuliza wataniona lini kwenye televisheni. Sasa niko nyumbani likizo na moyo unakataa kurudi. Je, sina kipaji, ni rangi yangu, au ni chuo?

*Jibu:* Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na ile klipu ya usaili uliyonitumia nimeitazama mara nyingi zaidi. Naanza na klipu, maana ina majibu ambayo barua haina.

Unaingia chumbani, unasalimu vizuri, unamkabidhi mpiga piano karatasi mbili zilizokunjwa. Humwambii wimbo uende kwa mwendo gani. Anaanza kwa kasi usiyoizoea, na mwanzo wote mnakimbizana. Halafu sauti inafunguka kwenye ile noti ndefu, na hapo nilisimamisha klipu nikamwita mume wangu kutoka jikoni aje asikie. Kwa hiyo la kipaji tuliweke kando. Nimefundisha uimbaji hapa Kisumu zaidi ya miaka 20, na sauti hiyo sina shaka nayo. Lakini tazama macho yako. Tangu noti ya kwanza mpaka ya mwisho umewakodolea wale watu watatu walioketi nyuma ya meza. Unawaimbia wao, unawauliza kwa macho kama umefaulu. Mmoja anainama kuandika, nawe unashusha sauti kana kwamba unamngoja amalize. Ukija kuurudia wimbo wako, muda umekwisha, na wewe ndiyo kwanza unapasha moto.

Kosa hilo si lako peke yako, ndivyo tulivyokulea. Tamasha za muziki hapa Kenya zina historia ya tangu 1927, na za drama za shule tangu 1959, na kwa miaka yote hiyo tumejenga njia yetu ya kumfundisha mtoto jukwaa. Wimbo unachaguliwa shule zikifunguliwa Januari. Mwalimu wa kwaya anauandika ubaoni kwa solfa, yaani do, re, mi kwa herufi, sauti ya kwanza, ya pili, teno, besi, na kila mmoja anaishika ya kwake kwa kusikia na kurudia. Unaimbwa jioni baada ya masomo, Jumamosi, hata Jumapili baada ya ibada. Unapelekwa kaunti ndogo, kaunti, kanda, na mkibahatika mnafika kitaifa Agosti wimbo ukiwa umeingia kwenye mifupa. Ukumbini mwamuzi ameketi na karatasi zake. Hamuanzi mpaka atoe ishara, na wote waliokwisha kuimba anawasomea maoni: hili lilipendeza, lile mlirekebishe mkienda mbele. Tena mlikuwa wengi. Ukisahau neno, wa kulia kwako analo. Kombe likipatikana ni la shule, mnarudi nalo kwenye basi mkiimba njia nzima.

Chuoni kwako kila kitu katika hayo kimegeuzwa. Usaili ni baa 16 au 32 za wimbo (baa ni kipande kidogo cha wimbo chenye idadi maalumu ya mapigo), yaani nusu dakika au dakika moja hivi, pamoja na maneno ya mhusika yasiyozidi dakika moja na nusu. Hakuna wa kukusomea maoni. Inatolewa orodha, jina lako limo au halimo. Na unayeshindana naye ndiye mnayechangia birika la chai. Umetoka kwenye mashindano ya miezi minane ya watu 40, ukaingia kwenye mashindano ya nusu dakika ya mtu mmoja, na hakuna aliyekwambia kwamba hiyo ni kazi nyingine yenye mazoezi yake. Nami hilo nililijua nikiwa nimechelewa. Nilisoma huko miaka ya 1990, wakati ambapo vyuo kadhaa vya fani hii vilikuwa na mchujo: mwisho wa mwaka wa pili walimu wanaketi kuamua nani aendelee na nani afungashe. Nilipita kwa tundu la sindano, na nilitumia mwaka mzima wa tatu nikiamini waliniacha kwa huruma.

Sasa hiyo orodha. Kuingia kwenye darasa lako ulishindana kwa uwezo. Vyuo vinavyotajwa sana katika fani hii, kama Carnegie Mellon kule Pittsburgh, Michigan, na Cincinnati, huanza kwa kuchuja video, kisha huwasikiliza waliobaki ana kwa ana, ama chuoni kwenyewe ama katika miji kama New York, Chicago na Los Angeles ambako vyuo vingi hukutana kila majira ya baridi. Wanaoomba ni umati; darasa huwa la watu kama 10 mpaka 25. Chuo chako huwachuja watu kwa njia hiyohiyo, nawe ulipita. Wengi hudhani kupangiwa mhusika ni mtihani huohuo ukirudiwa kila muhula, na hapo ndipo roho huanza kuumia bure. Mkurugenzi ana mchezo mmoja aliolipia haki zake. Mchezo una wanawake 6, idara ina wanawake 40. Kati ya hao 6, wawili lazima wafike noti za juu kabisa, mmoja ni bibi mzee, mmoja lazima acheze tapu, ile dansi ya kugonga sakafu kwa viatu, mfululizo dakika nne, mmoja lazima afanane na aliyepewa nafasi ya kaka yake. Na wa mwaka wa nne wanahitimu Mei, wanahitaji kitu cha kuonyesha mbele ya mawakala wa New York. Hesabu viti vilivyobaki. Mwaka mzima jina lako linaweza kukosekana bila mtu yeyote kukuona dhaifu.

Hayo nayasema kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu mara saba ni nyingi. Ingekuwa mara mbili ningekwambia uvumilie tu. Mara saba kuna kitu unachoweza kukifanyia kazi, na kwa bahati likizo yako ni ndefu.

La kwanza ni zile karatasi mbili zilizokunjwa. Mpiga piano wa usaili hakujui, ameketi hapo tangu asubuhi, na yeye ndiye mtu pekee chumbani anayefanya kazi upande wako. Mpe faili, kurasa zimetobolewa na kupangwa zikitazamana, pa kuanzia na pa kuishia pamewekwa alama kwa kalamu nyekundu. Sogea karibu naye, umwimbie kwa sauti ya chini baa mbili tatu kwa mwendo unaoutaka, umwoneshe kwa kidole mahali unapovuta pumzi. Usimpigie vidole kumpa mwendo, ni kama kumwita mhudumu wa hoteli kwa mluzi. Yote hayo huchukua sekunde 15, na wale watatu wa mezani wanakutazama tayari. Kisha simama katikati, uchague mahali kidogo juu ya vichwa vyao, umweke hapo mtu unayemwambia maneno ya wimbo. Mjomba, mpenzi, adui, yeyote. Wao wanataka kukutazama ukiwa na shughuli na mtu mwingine, kama mtu anayechungulia ugomvi wa jirani dirishani.

La pili ni kusoma noti. Umeandika kwamba katika mazoezi ya pamoja wenzako wanapewa karatasi na kuimba papo hapo, na wewe unajifanya kuchelewa kufungua ukurasa ili uwasikie kwanza. Maskini, nimecheka kwa kujikumbuka, kisha nikasikitika. Unadhani huna elimu ya muziki wakati unayo, isipokuwa iko kwenye maandishi mengine. Solfa uliyofundishwa ubaoni ndiyo hiyohiyo. Kinachokosekana ni daraja kutoka d r m kwenda kwenye ile mistari mitano, na daraja lenyewe ni fupi. Tazama alama zilizo mwanzoni mwa mstari. Kama ni za kupandisha (#), ile ya mwisho upande wa kulia imekaa mahali pa *ti*. Panda hatua moja, umepata *do*. Kama ni za kushusha (♭), ya mwisho imekaa mahali pa *fa*. Shuka hatua tatu, *mi, re, do*, umefika. Pasipo na alama yoyote, *do* ni ile noti ya C. Hii ni kwa nyimbo za meja, na za mainori ni vilevile isipokuwa makao yanakuwa *la*. Ukishajua *do* inaishi wapi, zilizobaki unazijua tangu darasa la nne.

Tafuta kitabu cha tenzi chenye noti kamili, si kile cha maneno matupu. Makanisa ya zamani ya kwenu Kakamega hayakosi nakala moja kabatini. Kila asubuhi dakika 20: fungua tenzi usiyoijua, tafuta *do*, imba sauti ya pili mpaka mwisho bila kusimama hata ukikosea. Kusimama ndiyo dhambi. Wiki 10 za hivyo zitakufikisha mbali kuliko unavyodhani, kwa sababu sikio lako tayari ni la mtu mzima. Wapo wenzako wanaosoma haraka lakini hawawezi kushika sauti ya pili mtu wa karibu akikosea. Wewe unaweza, umeifanya tangu utotoni.

Dansi sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna wasichana darasani kwako waliovaa viatu vya baleti wakiwa na miaka minne, na huwezi kuziba pengo hilo kwa likizo moja. Lakini Khayega kwenu ni Isukha, nyumbani kwa isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Anayeicheza hushika midundo miwili mitatu mwilini kwa wakati mmoja, mabega na ngoma hii, miguu na ile. Walimu wako wa dansi ya jazi hutumia miezi kumfundisha mtu hilo. Kinachokusumbua, nikikusoma vizuri, ni kumbukumbu: mwalimu anaonyesha hatua mara mbili kwa hesabu ya nane, anasema haya, twende. Basi jizoeze hilo tu. Fungua video yoyote ya dansi, tazama hesabu nne za nane mara mbili, zima simu, cheza. Kesho video nyingine. Usirudie ya jana.

Kabla sijasahau: umesema Machi ulipoteza sauti kwa wiki tatu ukaendelea kuimba kwa tangawizi na asali. Usirudie kamwe. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki mbili, muone daktari wa koo akutazame kamba za sauti. Wasichana waliozoea kuimbia uwanjani bila maikrofoni, kwa sauti ya kifua tupu, ndio wanaoota vinundu kwenye kamba hizo wakipewa mazoezi ya kila usiku. Ratiba yako yenyewe ni ya kuvunja mgongo: darasa saa tatu asubuhi, mazoezi mpaka saa nne usiku, katikati kantini saa 15 kwa wiki. Sheria ya visa ya wanafunzi inakuruhusu saa 20 muhula ukiendelea, lakini hizo 20 hazikuwekwa kwa kumfikiria mtu anayecheza baleti asubuhi. Zikiweza kupungua zifike 10, zipunguze.

Umeuliza kuhusu rangi. Sitakwambia haihusiki. Juni 2020 wasanii wengi wa tamthilia wa Marekani wasio wazungu walitoa barua ya wazi kueleza wanavyobaguliwa, kuanzia vyuoni mpaka Broadway, zile kumbi kubwa za tamthilia za New York, kwa hiyo hukuanza wewe kuliona. Katika barua yako kuna jambo lililonikaa: mara nne kati ya saba uliitwa tena kusikilizwa mara ya pili, na mara zote nne ukaombwa uimbe kwa mtindo wa injili, hata mchezo ukiwa hauna injili ndani yake. Hilo liandike kwenye daftari: tarehe, mchezo, mhusika uliyemwomba, ulichoambiwa. Kabla ya usaili ujao muulize mkurugenzi kwa adabu na kwa maandishi kama wahusika wote wako wazi kwa kila mwanafunzi. Jibu lolote atakalotoa litakusaidia. Nami nataka urekebishe faili lako na macho yako kwanza kwa sababu hiyohiyo: leo mtu akitaka kukukataa kwa rangi ana visingizio halali vya kujifichia. Viondoe. Kitakachobaki kitaonekana wazi, kwako na kwa mkuu wa idara, na utakuwa na daftari mkononi.

Rafiki yako wa chumbani. Umesema hukwenda kutazama onyesho lake la pili, ulilala na taa zimezimwa aliporudi na maua. Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, kwa sababu mimi pia niliwahi kujifanya nimelala. Nilikuwa na miaka 21, na huyo dada tuliyeishi pamoja alikuwa amenifundisha kuendesha baiskeli kwenye theluji. Hatukusemezana tena vizuri mpaka tukahitimu. Nikirudi nyuma, nisingeomba nafasi yake ya jukwaani. Ningeomba tu niamke, niwashe taa, nimuulize ile noti ya mwisho aliipataje. Mpigie simu wiki hii. Mwambie ukweli kwamba uliumia. Kisha muombe akusomee maneno ya upande wa pili unapofanya mazoezi, nawe umsomee ya kwake.

Na harambee. Hapa ndipo naona mzigo mzito kuliko yote, na walimu wako hawawezi kuuona kwa sababu kwao mtu anasoma kwa mkopo, si kwa jasho la kina mama wa kanisa. Kila usaili unaingia na watu mia mbili mgongoni. Waambie wale mama mambo yalivyo: unasomea ufundi kwa miaka minne, kama daktari anavyosomea wake, na mwanafunzi wa udaktari haulizwi amefanya upasuaji mara ngapi mwaka wa pili. Wakikutajia Lupita Nyong'o, na najua wanamtaja kila wiki, waeleze kwamba alianzia kazi za nyuma ya kamera katika filamu iliyopigwa hapa Kenya, na alimaliza shahada ya uzamili ya uigizaji kule Yale mwaka 2012 akiwa na miaka 29. Kisha waimbie. Umeniambia tangu urudi umekataa kuimba kanisani. Wao walichangia sauti hiyo, na umewanyima hata ubeti mmoja.

Mwisho, la kurudi au kutorudi. Usiamue kwa orodha. Jiulize kama kuna darasa ambalo ungelihudhuria hata lisingekuwa na maksi wala onyesho. Barua yako nzima ni huzuni, isipokuwa aya moja, ile ya mwalimu wa uigizaji aliyekufanya urudie maneno yale mpaka ukalia, na hapo umeandika mistari 11 bila kupumua. Mtu aliyemaliza hamu haandiki hivyo. Kwa maoni yangu, rudi.

Ukiamua vingine, fanya kwa utaratibu. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujakosa muhula, maana ukikaa nje ya masomo na nje ya nchi zaidi ya miezi 5 huenda ukahitaji karatasi mpya za visa. Uliza kama unaweza kuhamia shahada ya kawaida ya tamthilia hapohapo, yenye saa chache za studio. Kuhamia chuo kingine cha fani hii mara nyingi ni usaili upya na kuanza mwaka wa kwanza. Huku nyumbani, Maseno wanafundisha muziki na sanaa za jukwaani, Kabarak pale Nakuru wana muziki, na hakuna aibu katika hilo hata kidogo, ingawa usitarajie kozi zako zote zikubaliwe. Ujue pia kwamba ukimaliza huko, visa hiyo inaruhusu kuomba hadi miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yako. Na kama usingizi na chakula vimekukimbia kama ulivyodokeza, ofisi ya ushauri nasaha ya chuo ndiyo mlango wa kwanza kuugonga ukifika, kabla hata ya mkurugenzi yeyote.

Khayega mpaka Kisumu si mbali, matatu za Chavakali na Mbale zinapita mlangoni kwenu. Njoo Jumamosi, saa nne asubuhi. Leta faili lililopangwa, nyimbo mbili, na tenzi moja ambayo mimi sijakuchagulia. Kijana anayepiga kinanda kanisani kwetu atakuwepo, na hajui nyimbo zako, kwa hiyo utamweleza mwenyewe. Mimi nitaketi nyuma ya meza, nimeinama, nikiandika tangu unaanza mpaka unamaliza. Usinisubiri.